Kiti cha Kumi na Tatu cha Kilbrannock

Kila siku ifikapo saa saba na nusu mchana, Saumu ananawa mikono kwa sabuni isiyo na harufu, anaikausha mpaka katikati ya vidole, anainua kifuniko cha kioo na kufunua ukurasa mmoja wa kitabu cha baraza la Kilbrannock. Ukurasa mmoja tu. Wino wa kale ukiachwa kwenye mwanga huanza kupauka, kwa hiyo kazi ya kwanza aliyopewa alipokuja kujifunza utunzaji wa nyaraka katika mji huu mdogo wa Ireland ni kuhakikisha hakuna ukurasa unaochoshwa kuliko wenzake. Anaipenda kazi hii kwa sababu haidai maneno. Makumbusho anakofanya kazi ni chumba kimoja juu ya soko la zamani: chini ni matao walikokuwa wakiuza siagi, juu ni meza ndefu iliyozungukwa na viti kumi na vitatu, na kwenye ukuta kuna kibao kinachowaeleza wageni kwamba mji huu wenye barabara moja na kisima kimoja, kwa karibu miaka mia mbili, ulikuwa ukipeleka wabunge wawili Dublin, na kwamba waliowachagua walikuwa watu kumi na watatu waliokaa kwenye viti hivi. Leo ukurasa uko hewani bado, umesimama kama bawa, simu inapolia.

Ni Baba Mdogo Idi, kutoka Kondoa, na nyuma yake ua mzima wa shangazi unasikika, vikombe, mbuzi, watoto wanaofukuzwa jikoni. Saumu analaza ukurasa taratibu kabla ya kuitika. Baba Mdogo anamweleza, kwa sauti ya mtu anayesikilizwa na wengi, kwamba wazee wa upande wa Hemedi wamefika tangu asubuhi, wamekula, wameridhika, na sasa limebaki jambo moja tu. Hemedi, anayemposa Saumu, ni daktari wa mifugo. Ni mtu mpole, asiye na kashfa, aliyewahi kumpelekea Saumu picha ya ndama aliyefungwa bandeji mguuni, na ambaye hasahau kuuliza hali ya goti la mama yake. Hakuna anayeweza kumtia dosari, na hapo ndipo penye taabu, kwa sababu Saumu hamtaki. Amelijua hilo kwa miezi minane na hajamwambia mtu. Mwanzoni mama alikuwa mgonjwa, kisha mama akapona akawa na furaha, na furaha ya mama, kwa Saumu, ni kama mtungi uliojaa pomoni, nani atautikisa? Haya mwanangu, anasema Baba Mdogo, tunaingia kuswali alasiri, tukitoka nakupigia nikuulize mbele ya mashahidi. Desturi unaijua. Mwali hatumlazimishi mdomo, kimya chako kinatutosha. Watu wanacheka kwa upendo, na shangazi Mwanahawa anadakia kwamba huyu hata akichomwa na mwiba humwomba mwiba radhi. Saumu anafungua kinywa, na simu imeshakatwa.

Anavuta kiti kilicho karibu, ingawa viti hivi haviruhusiwi kukaliwa, anakunja mikono juu ya meza na kulaza kichwa. Mvua nyembamba inapapasa madirisha. Anajiambia atayapanga maneno, si mengi, matatu au manne yatatosha, atayapanga kama mtu anavyopanga nguo za safari, lakini kila akilikunja moja jingine linakunjuka, na meza chini ya shavu lake inaanza kurefuka. Inarefuka mpaka upande wa pili hauonekani. Inarefuka na kupinda, na mishipa ya mbao inakuwa mikondo ya magurudumu, na Saumu anatambua kuwa hajalala juu ya meza bali anatembea juu yake, na kwamba hii ni barabara, na pande zote mbili kuna ua wa miiba yenye maua meupe, na kwenye kila jiwe la njia pameandikwa Kilbrannock, maili moja. Anatembea maili moja. Jiwe linasema maili moja. Anatembea tena, na jiwe halibadili kauli.

Kwenye jiwe la saba, au la sabini, mtu anamsubiri. Amevaa koti refu la kijivu, amebeba mkoba wa ngozi, na pale penye uso hapana uso, pamelainika kama ganda la yai. Saumu hashangai, ndotoni mshangao huchelewa. Anamwamkia shikamoo, kwa sababu mtu mwenye koti kama hilo lazima awe mkubwa, naye anaitika marahaba, ingawa umri, anasema, nimeuacha kwenye koti jingine. Mimi ni karani wa baraza, nimetumwa kukuchukua. Saumu anamuuliza barabara hii inakwenda wapi. Inakwenda ilikotoka, anajibu karani, ila kila msafiri hugeuka peke yake ndiyo maana hawaambiani. Saumu anauliza anayemwita ni nani, na karani, badala ya kujibu, anasimama, anaweka mkoba chini na kusema kwa sauti ya mtoto aliyeketi mkekani, Kitendawili. Na Saumu, kwa mazoea ya kukulia kwa bibi, anajibu, Tega. Nina mtumishi asiyekula wala kulala, anasema karani, nikimuuliza neno lolote hunikubalia, na mdomo hana. Saumu anafikiri. Anataja kivuli. Anataja kioo. Anataja punda aliyekufa, na karani anatikisa yai lake. Umeshindwa, anasema, nipe mji.

Hapo Saumu anafanya kosa ambalo yeyote aliyecheza vitendawili utotoni angelifanya bila kufikiri. Mtu akishindwa hutoa mji. Amewahi kutoa Tanga, ametoa Kigoma, aliwahi hata kutoa Makka na bibi akamkanya, na siku zote miji ilibaki ilipo. Chukua Kondoa, anasema. Karani anafungua mkoba, na kitu kizito kinaingia ndani yake. Saumu anasikia mbuzi. Anasikia vikombe. Anasema, polepole kama anavyosema kila kitu, kwamba ulikuwa mchezo tu, na karani anafunga vishikizo vya mkoba na kumjibu kwamba hata Kilbrannock ilitolewa hivyohivyo: mfalme ambaye hakuwahi kuiona aliandika barua, akamkabidhi bwana mmoja mji pamoja na vinywa vyake. Usihofu, utarudishiwa. Kuna kiti, utakalia kiti, utaulizwa, utajibu. Ukijibu, mji wako huu hapa. Na nisipojibu? Karani ameshaanza kutembea.

Mawe ya njia sasa yamechoka kusema maili moja na mji wenyewe unajitokeza, umejikunja kwenye barabara yake moja, na kila hatua anayopiga Saumu miaka kumi inapita. Hatua ya kwanza chokaa ya kuta ni mbichi na watu kumi na watatu wanapita wakiwa na nyuso, mmoja seremala ana vumbi la mbao kwenye nyusi, mwingine mtengeneza ngozi ananuka kazi yake. Hatua ya tano nyuso zinaanza kufifia kama sarafu zilizoshikwashikwa. Hatua ya kumi viti vyao vimerithiwa na binamu za Lodi Tarrant, bwana mwenye mji, wanaoishi Dublin na kuja siku ya uchaguzi tu, wakiingia na kutoka kabla farasi wao hawajamaliza kunywa maji. Barabara imejaa madimbwi, na ndani ya madimbwi hauonekani mji huu ukiwa kichwa chini. Inaonekana Kondoa, wima kabisa, na anga yake kavu. Katika dimbwi moja kuna ua wa shangazi, na wanaume wamejipanga safu kwa swala, migongo yao midogo kama punje za mtama. Saumu anainua sketi na kupita pembeni asije akawakanyaga.

Weye ndiye wa kiti, anasema mtu. Ni mwanamke aliyekaa kizingitini akipiga kitani kwa rungu, na Saumu anashtuka kwa mara ya kwanza, kwa sababu mwanamke huyu ana uso, uso mzima, wenye madoadoa na jino lililovunjika na macho yasiyo na subira. Jina lake Brid. Anamweleza Saumu, bila kuacha kupiga, kwamba ukoo wake ulikuwa hapa kabla ya barua ya mfalme, kwamba mama yake na mama wa mama yake walipiga kitani kwenye kizingiti hikihiki, na kwamba katika mji wa watu elfu moja wanaokula, kuzaa na kuzikana, ni kumi na watatu tu wanaoulizwa jambo, na hao hawakai hapa. Siye tuna haki ya kutazama, anasema. Siku ya uchaguzi tunaruhusiwa kusimama dirishani. Saumu anamwambia, ili kumfariji, kwamba yeye pia si mtu wa kusema sana. Brid anaacha kupiga. Anamtazama kuanzia viatu. Dada, anasema, mimi nikipewa kiti hicho kwa muda wa kupiga chafya nitapasua paa. Nyie mliopewa vinywa ndio mnaovifuga kama kuku wa mgeni. Nenda, usije ukachelewa kunyamaza. Saumu anataka kucheka na anataka kulia, na miguu inampeleka. Nyuma yake rungu linaanza tena, tu, tu, tu, na watu wengine wenye nyuso wanatoka milangoni, wanafuata.

Chumba cha juu ni kilekile na sicho. Meza ni ileile. Kwenye viti wamekaa watu kumi na wawili wa ganda la yai, makoti yao mazuri, mikono yao myeupe imelala mbele yao kama glavu zilizosahauliwa, na kwenye kichwa cha meza hakuna mtu, kuna kofia. Ni kofia ya Lodi Tarrant, karani anamnong'oneza, Lodi mwenyewe ana kikohozi. Kiti cha kumi na tatu kiko wazi, na Saumu anapokikalia kina joto. Anauliza ni cha nani. Ni cha marehemu Obadiah Crewe, anajibu karani, mtengeneza ngozi, ana miaka kumi na moja kaburini. Hatujamfuta, na tungemfuta kwa lipi? Hajawahi kupinga hata hoja moja. Mmoja wa makoti anatikisika, pengine anacheka, na kusema kwamba marehemu ndiye mpiga kura mwaminifu kuliko wote, hata chakula cha mchana hadai. Hapo Saumu anapata jibu la kitendawili, limechelewa, limekaa chini yake. Kiti kitupu. Karani anainamisha yai lake kwa adabu, kama mwalimu.

Kisha karani anafungua kitabu, na Saumu anakifahamu kitabu, anakifahamu mpaka doa lake la nta. Anasoma barua ya Lodi. Bunge la Dublin linaulizwa kama likubali kujifunga, likaunganishwa na lile la London, ng'ambo ya maji, na miji midogo kama huu itoe viti vyake. Lodi atapewa fidia. Mji utapewa shukrani. Kwa desturi ya Kilbrannock, anasema karani, kila mmoja ataitwa jina lake na kujibu kwa sauti, mbele ya wenzake na mbele ya dirisha, na atakayenyamaza amekubali. Saumu anageuka. Dirishani wamebanana wote, Brid mbele, pumzi yake inatia ukungu kioo, mdomo wake unakwenda, unakwenda, na hakuna kinachopenya. Karani anaita jina la kwanza. Kimya. Amekubali, anaandika, na nje duka la mikate linazimika. Halibomoki wala haliungui, linakoma tu kuwapo, kama neno lililosahaulika mdomoni, na ndani ya mkoba wa karani mbuzi mmoja anakatishwa katikati ya mlio wake. Jina la pili. Kimya. Amekubali. Kisima kinatoweka. Jina la tatu. Saumu anahesabu vidole chini ya meza, wa nne, wa tano, anaona mnara wa kanisa ukienda, anaona matao ya siagi yakienda, anasikia mkobani vikombe vikipungua, kimoja, kimoja. Wa tisa. Dirishani nyuso zimeanza kulainika kuanzia kidevuni, ila wa Brid, ambao unakataa. Wa kumi na mbili. Amekubali.

Na marehemu Crewe, anasema karani bila kuinua kichwa, na kalamu imeshaanza kushuka. Subiri, anasema Saumu. Au anadhani amesema. Kalamu inasimama, kwa hiyo amesema. Mayai kumi na mawili yanamgeukia. Karani anaonekana, kwa namna ya mtu asiye na uso, kuwa na fadhaa. Anafunua kurasa nyuma, anafunua mbele, anaeleza kwa heshima kwamba tangu barua ya mfalme hakuna aliyewahi kujibu kutoka kiti chochote, na kitabu hakina safu ya majibu, kina safu ya majina na safu ya ndiyo. Kwa hiyo kama mheshimiwa hana shida, wangeendelea. Sauti yake ni laini sana. Kila mtu humu ni mpole sana, hakuna aliyemkaripia, hakuna aliyemfunga mdomo, na Saumu anaona kwamba angeweza kuketi hapa miaka kumi na moja ndani ya upole huu, kiti kikimpa joto na yeye akikipa kiti joto, na watu wakimsifu. Maneno yamejaa kinywani kama ugali wa moto, hauwezi kuumeza na kuutema ni aibu. Anavuta pumzi. Na kofia ya Lodi, kwenye kichwa cha meza, inaanza kutetemeka na kuimba.

Anainyanyua kofia, na chini yake ni simu. Anaishika. Shavu lake lina alama za mbao, mkono mmoja umekufa ganzi, mvua imekatika. Viti viko mahali pake, ila anakumbuka kuwa kabla hajalala viti vyote vilikuwa vimesukumwa chini ya meza isipokuwa chake, na sasa vyote vimevutwa nyuma kidogo, kiasi cha mtu kukaa. Nje kuna barabara moja, au ni kingo za dimbwi. Hajui kama ameamka huku au ameamka kule. Saumu binti Athumani, anasema Baba Mdogo Idi, na ua umetulia kwa namna ambayo ua ule hautulii kamwe, Hemedi ameleta posa kwako, mahari yamesemwa, mashahidi wapo. Umeridhia? Saumu anasikia kalamu ikikwaruza karatasi, na hajui ni ya shehe aliyeketi mkekani kwa shangazi au ni ya karani aliyeketi mkono wake wa kushoto. Anasikia mama yake akijikohoza. Kimya, anasema mzee mmoja, ameridhika, nusu kwa swali nusu kwa jibu. Mtoto wa kike huyo, anasema mwingine, amelelewa. Na shangazi Mwanahawa anajaza mapafu, Saumu anamsikia akiyajaza, ile pumzi ndefu ya mwanamke anayekaribia kupiga vigelegele, na anajua kwamba sauti ile ikishatoka hakuna atakayeweza kuirudisha.

Shangazi, usipige, anasema. Sijajibu.

Pumzi inabaki hewani. Pande zote mbili za simu hakuna anayejongea. Sauti yake imetoka ndogo na yenye kukwaruza, si sauti ya kupasua paa, lakini imetoka, na anaona kwamba inaweza kufuatwa na nyingine. Anasimama, kwa sababu akiwa ameketi hataweza, na hajali tena ni baraza lipi linalomsikiliza.

Baba Mdogo, sitaki. Hemedi ni mtu mwema, mwambieni nimesema hivyo, hana kosa lolote. Lakini simtaki, na nimelijua muda wote huu, na sikunyamaza kwa haya, Mama, nilikuwa naogopa tu kukuharibia furaha. Naomba mnisamehe. Na siku nyingine nikinyamaza, msinihesabu. Niulizeni tena.